Nyimbo Kumi za Fundi Cherehani

Baba yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, aliandika kwenye daftari nyimbo zake kumi bora za wiki. Redio nazo zina orodha zao, lakini yeye hazitambui. "Hao wanapangana kwa kujuana," husema, huku akitema kipande cha uzi.

Sheria yake ilikuwa moja: wimbo haupandi kwa sababu unaupenda, unapanda kwa sababu umeuimba bila kukusudia. Taabu ni kwamba baba hajisikii. Akishaanza kukanyaga cherehani midomo inakwenda yenyewe, na ukimuuliza anaimba nini atakuapia kwamba amenyamaza. Kwa hiyo aliyehesabu alikuwa mama. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akishona vifungo, na kila baba alipoanza wimbo, aliandika kifupi chake kwa chaki kwenye meza ya kukatia, au akauongezea mstari. Jumamosi walijumlisha.

"Huo sikuuimba mara tisa, mke wangu."

"Mara tisa. Masikio ni yangu."

Mimi niliuona upuuzi mtupu, na sikuwaficha. Suruali za watu zinasubiri pindo, wao wamekodoleana macho kwa ajili ya nafasi ya nne!

Mama alifariki mwezi wa tatu, baada ya figo kumsumbua mwaka mzima. Baba alipofungua tena duka niliomba likizo kazini, nikakaa kwenye kigoda kile, chaki mkononi. Niliogopa, nasema wazi. Baba hakuwahi kuwa mtu wa kimya, na niliona kwamba akinyamaza moja kwa moja, basi na yeye nitampoteza.

Hakuimba. Jumatatu mpaka Ijumaa nilisikia cherehani tu, na meza ikabaki safi. Ijumaa saa kumi uvumilivu ukanishinda. Nilifungua daftari, nikatazama orodha ya mwisho ya mama, nikachora mistari kuifuata: huu sita, ule minne, na juu kabisa, mistari kumi na mmoja, wimbo wa mwanamke anayesubiri treni, ambao ulikuwa umeshika namba moja wiki saba mfululizo.

Kesho yake baba alivaa miwani, akaitazama meza kwa muda mrefu.

"Nani kaimba hizi?"

"Wewe, baba."

Alitabasamu kidogo. "Mwanangu, umerithi uongo wa mama yako."

"Uongo gani tena?"

"Huu wa treni sijawahi kuuimba maishani. Hata maneno yake siyajui. Aliupenda yeye. Wiki saba ananichorea mistari isiyo yangu, mimi namwona, najumlisha, nanyamaza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ili iweje? Alikuwa anaumwa. Wimbo wake ukishinda anacheka mpaka anashika mbavu. Ningemnyang'anya na hicho?"

Kisha akachukua kitambaa akafuta meza yote. Nilimkasirikia. Nilitoka nje nikalia nyuma ya duka, nikimlilia mama na kujililia mwenyewe, mimi niliyewaita wapuuzi.

Jumanne iliyofuata alikuwa akikunja pindo la gauni. Nilisikia kitu, nikaacha sindano. Hakikuwa na maneno, na sauti ilikwenda kombo, ikakatika katikati, ikaanza upya. Ulikuwa wimbo wa treni. Niliuandika, nikachora mstari mmoja.

Jumamosi ilikuta mistari minne. Baba aliuandika wimbo ule kwenye namba moja. Akaandika mbili, tatu, mpaka kumi, na mbele ya namba hizo hakuandika kitu.

"Una uhakika uliusikia?" aliniuliza.

"Mara nne. Masikio ni yangu."

Kalamu ikamtoka. Aliinamisha kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alipoinuka chaki ya ile mistari minne ilikuwa imemganda kwenye paji la uso. Sikumfuta.