Nyuzinyuzi Kwenye Kioo

Mama alirudi nyumbani Hallunda, pembeni mwa Stockholm, na kikaratasi cha manjano alichokikuta kimebandikwa kwenye kioo kazini. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akisafisha duka moja la miwani, peke yake, kabla halijafunguliwa. Ufunguo wa duka hukaa mkobani mwake pamoja na wa kwetu.

"Wameandika kuna *ludd* kwenye vioo. Hii *ludd* ni nini?" akaniuliza.

Mimi nimezaliwa huku, na sasa nasoma chuo kikuu. Neno nililijua kwa Kiswidi. Kwa Kiswahili halikuja.

"Ni ile... nyeupe nyeupe inayobaki ukishafuta."

"Vumbi?"

"Siyo vumbi."

"Nyeupe, inabaki, siyo vumbi. Chuo kikuu hicho!" Akautoa ufunguo akauweka mezani. "Kama naacha vumbi, watafute mwingine. Kesho naurudisha."

Mimi siamini maneno ya wenye maduka, wala ya Mama, mpaka nione. Nikamwomba anionyeshe anavyofuta. Jiko letu la umeme lina uso wa kioo cheusi. Likishapoa, hata unywele haujifichi pale. Akachukua karatasi ya jikoni, kama ile ya dukani, akaichana katikati kama anavyochana kila kitu, akafuta. Nikamulika kwa simu. Jiko lilikuwa limeota mvi.

Nikabandika kipande cha selotepu, nikakibandua, nikahesabu nyuzinyuzi zilizonasa: arobaini na moja. Nikafuta mwenyewe kwa karatasi nzima ya roli lile lile: sita. Nikarudia mara tatu kila namna, maana mara moja siyo ushahidi.

"Na chakula tutakula lini?" Mama akauliza. "Au tutakula selotepu?"

Majibu hayakubadilika sana. Nyuzi zilitoka kwenye ukingo uliochanwa. Kwa mara ya kwanza nilitamani niwe nimekosea. Nikamweleza taratibu kwamba siyo vumbi, ni karatasi yenyewe inayonyonyoka.

"Na karatasi imechanwa na nani?"

Nikajifanya nahesabu tena.

"Nakuuliza wewe, mpelelezi."

"Na wewe, Mama. Lakini..."

Akacheka mpaka akashika meza. "Nusu inatosha kioo kizima, mwanangu. Nitumie nzima, kwani nakausha ng'ombe?"

Akaleta mkasi wake wa kushonea, akakata karatasi nyingine katikati, akafuta jiko, akanisukumia selotepu. "Hesabu."

Saba.

"Saba na sita, nani atajua?"

Akakigeuza kile kikaratasi cha manjano, akaniambia niandike nyuma yake kwa Kiswidi: siyo vumbi, ni karatasi, na tatizo limeshakwisha. Nikataka kuongeza neno la kuomba radhi. Akaninyang'anya kalamu. Kisha akaurudisha ufunguo mkobani, na mkasi juu yake.