Namba Tisa Hageuki

Safu yetu ya ushambuliaji msimu ule ilikuwa butu kama kisu cha kuazima. Nasema mimi, niliyekaa na karai langu la bajia kando ya uwanja wa Utende miaka nenda rudi, na sikukosa mechi hata nilipokuwa na mimba ya miezi minane. Winga wa kulia alikuwa na mbio, lakini krosi zake zilikwenda kwa mbuzi. Wa kushoto alipenda chenga mno, akimaliza kumpiga adui anajipiga mwenyewe. Na namba tisa, jamani! Namba tisa alikuwa mdogo wangu, tumbo moja.

Zamani alikuwa moto. Ukimwambia "Achia!" mpira ushaondoka. Msimu ule anapigiwa kelele "Mtu nyuma!" naye anauchezea mpaka ananyang'anywa. Refa anapuliza, yeye anaendelea kukimbia peke yake, watu wanacheka. Mimi nawaka. Na nyumbani ndiyo hivyo hivyo: namwita ale, kimya, mpaka mara ya tatu. Nikajua ni jeuri.

"Umevimba kichwa," nikamwambia. "Ukiitwa hugeuki!"

Akatabasamu tu.

Kazi yake ilikuwa kuzamia. Tangu hifadhi ya bahari iweke mipaka yake, chombo alichovua na wenzake kilikwenda mbali, kwenye kina, na wavu ukinasa kwenye mwamba yeye ndiye anayeshuka kuukwamua. Asubuhi mto wake ulikuwa na doa la maji ya njano, siku nyingine damu. Zile foronya nilizifua kwa mikono yangu, nikimsema kwa uchafu.

Kwetu, mchezaji aliyepangwa haendi baharini siku ya mechi. Ndiyo desturi, na kila mwenye chombo anaijua, anatafuta mtu mwingine. Kwa mdogo wangu Jumamosi ilikuwa siku pekee ya kutozama, na aliipenda kuliko Idi.

Alhamisi moja kocha alikuja kununua bajia, akanitania, "Haya dada mchambuzi, keshokutwa tumpange nani mbele?"

Nikamjibu mbele za watu, "Mtoe mdogo wangu. Mpira hauna undugu."

Wakanipigia makofi. Wallahi niliona raha.

Ijumaa, baada ya sala, orodha ikabandikwa mlangoni pa duka kama kawaida. Jina lake halikuwemo. Alirudi nyumbani, akala, akanawa, wala hakunilaumu.

"Basi kesho naenda baharini na wenzangu," akasema.

"Nenda," nikamwambia, "labda samaki watakufundisha adabu."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Astaghfirullah, mdomo wangu huu.

Jumamosi tulishinda matatu bila. Namba tisa mpya alifunga mawili, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Bajia hazijaisha nikawaona wenzake wa chomboni wanakuja, nguo zimelowa, hawautazami mpira. Nikasimama, karai likamwagika.

Alikuwa ameshaukwamua wavu, ameibuka, anapumua. Boti la mashine likatokea nyuma yake. Mwendeshaji hakukiona kile kichwa kimoja majini.

Tulizika siku ile ile, kabla ya magharibi. Msibani mwenzake mmoja alikuja kunipa pole, akachuchumaa mbele yangu.

"Tulimwita, dada. Tulimwita sote, tukagonga na mbao za chombo. Hakugeuka."

Nikauliza kwa nini, ingawa moyo ulishaanza kujua.

"Masikio yalikufa tangu Ramadhani. Alituapisha tusikwambie."

"Mimi? Dada yake?"

Akainamisha uso. "Alisema wewe ukijua, utamwambia kocha amtoe kwenye timu."