Gogo la Anko Njau

Anko Njau, kaka mdogo wa mama yangu, hakuweza kuvumilia kuona mzee amesimama. Kanisani hapa Gitothua alikuwa akifika mapema, akikaa mbele, na kufikia mahubiri yuko nje dirishani kwa sababu kiti ameshampa mtu. Mama alimcheka sana.

"Wewe hata mbinguni utafika mlangoni umpe mtu nafasi yako."

"Si nitasimama tu? Huko hakuna kuchoka."

Alitengeneza malori ya tipa, yale ya kubeba mawe, kwenye gereji ya wazi kando ya barabara huko Ruiru. Alifanya kazi na Warigia, ambaye Anko mwenyewe alimfundisha ufundi hadi mwanafunzi akamshinda mdomo. Ili ufikie vyuma vya chini ya tipa, lazima bodi, lile sanduku la mawe, iinuliwe, na kinachoiinua ni oili inayosukumwa kwa paipu. Oili ikitoroka, bodi inashuka. Kwa hivyo walikuwa na gogo nene la mkaratusi la kusimamishwa chini yake kuizuia. Shida ni kwamba kazi ikiisha, gogo lililazwa chini likawa kiti. Mteja akija, analikalia. Chai ikija, wanalikalia. Ubavu mmoja ulikuwa umeng'aa kama meza. Hata mimi nimekula mandazi juu yake, nikimuuliza Anko maswali ya malori mpaka akaniambia nimezidi polisi.

Kisha Agosti moja, tipa ya Mzee Karanja ilianza kuvuja oili. Mzee aliileta mwenyewe kutoka Murera, akashuka akichechemea, magoti yamevimba, akaona gogo kivulini. Akakaa. Hakujua kazi ya gogo hilo. Angejuaje? Yaliyofuata nilisimuliwa na Warigia.

Bodi ilikuwa imeshapanda. Waliongea chinichini, mzee asisikie.

"Njau, gogo."

"Mzee amelikalia."

"Si umwambie ahame?"

"Nimwinue aje na hayo magoti? Nakaza nati moja tu, natoka."

"We Njau, paipu imezeeka hiyo."

"Unanigombeza kama bibi yangu. Mmoja ananitosha."

Akacheka, akaingia chini. Alipokaza nati, paipu ikapasuka.

Warigia anasema hakusikia Njau akilia. Alisikia kishindo cha bodi ikishuka tu. Alikimbilia gogo, kana kwamba bado lingesaidia, akamkuta mzee angali amelikalia, kofia mkononi. "Simama! Simama, mzee!" Hapo ndipo Mzee Karanja alipoelewa alikuwa amekalia nini. Watu wa gereji jirani walikuja na majeki, wakainua bodi, lakini Anko alikuwa ameshatuacha.

Tulimzika Theta, kwa shamba la guka, babu yangu. Mzee Karanja alikuja na fimbo. Vijana wa hema wakamletea kiti cha plastiki, akakikataa. Wakaleta kingine, wakidhani cha kwanza kilikuwa kimevunjika. Alitikisa kichwa tu. Ibada ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na magoti yake yalitetemeka ndani ya suruali nikiyaona.

Mwishowe Warigia alimwendea.

"Kaa, mzee. Njau hangetaka usimame."

"Najua," mzee akasema. "Ndiyo sababu siwezi."

Warigia alimshika kiwiko asianguke, wakasimama hivyo wawili, mpaka udongo wa mwisho ukarudishwa.