Sweta ya Baridi ya Endarasha

Chumba changu cha Majengo kimegusana na kibanda ninapopikia chapati. Kutoka alfajiri mpaka jioni niko mbele ya moto, na jasho linanitiririka hata Julai, wakati Nyeri nzima inatembea imekunja mabega. Mtu kama mimi hana haja na sweta. Hata hivyo nilifuma moja, nzito kama blanketi, ya kuvalia Endarasha.

Endarasha ndiko nilikoolewa na ndiko nilikofukuzwa. Aliyenifukuza ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Alinivunja mkono wa kushoto kwa mpini wa jembe, maua ya kaburini yakiwa hayajakauka. Naibu wa chifu alijua. Alikula mbuzi wa huyo shemeji, akapangusa mdomo, akasema haya ni mambo ya nyumbani. Wote wawili wako hai, na kanisani wanasalimiwa kwa mikono miwili.

Niliondoka na gunia la manyoya ya kondoo wangu, basi. Mama mkwe ndiye alinipenyezea kwa nyuma ya zizi.

"Ngoja tu," akaninong'oneza. "Nikiwa hai, utarudi hapa."

Nikamwamini. Nikasokota uzi, nikafuma polepole, maana ule mkono ulipona umepinda. Manyoya sikuyaosha kwa sabuni. Mafuta ya kondoo yakibaki ndani, ukungu wa kule hauingii. Kila mwanamke wa Endarasha anajua hivyo. Lakini ukiweka uzi kama huo karibu na moto, kibanda kizima kinanuka zizi.

"Dada, leo umefuga?" mwenye nyumba wangu, mama wa Kiislamu mwenye mdomo, alikuwa akinitania. "Na hiyo utaivaa wapi? Juu ya karai la mafuta?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni hapa unapolala, mama."

Nilimchukia siku hiyo. Nikaendelea kufuma. Mikono ya sweta niliifupisha, ikaishia chini kidogo ya kiwiko, kwa sababu mke wa boma yuko na kazi: maji, kuni, sufuria. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Mama mkwe akafa kabla sijarudi. Nikavaa sweta, nikaenda kumzika. Kwetu, siku ya mazishi wake wa boma hawakai. Wanapika, wanapakulia watu, wao wanakula mwisho wakiwa wamesimama. Basi nikapita moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, nikashika mwiko. Mke wa shemeji akautoa mkononi mwangu taratibu, bila matusi. Afadhali angenitukana.

"Mama, nenda ukae kwa tenti. Wageni wataletewa."

"Mimi si mgeni."

Akashika sweta, akapima uzi kwa vidole. "Ati hii ni ya wale kondoo wetu? Imetoka vizuri." Kisha akageuka, akamwita msichana mmoja: "Wewe, letea mgeni chakula."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, akiutazama mkono wangu uliopinda. Alikuwa ameshashinda.

Nikakaa kwa tenti. Nikaletewa sahani: wali, viazi, nyama juu. Nikala yote, kwa sababu nilikuwa na njaa. Upepo ulikuwa ukipiga tenti mpaka watu wanajikunyata, na mimi kifuani sikuhisi kitu. Baridi ilinipata kwenye mikono tu, pale nilipoacha wazi kwa ajili ya kazi.