Lebeka Angani

Mwanakuu hakupendwa sana pale Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, na hakuona kwa nini aanze yeye kuwapenda wenzake. Alikuwa amevuka miaka thelathini, hajaolewa, kazi yake kutoa mizigo ya watu bandarini, na Jumapili alipenda kupita Ngome ya Yesu kuwasahihisha waongozaji wa watalii mbele ya watalii wenyewe. Aliposema anajifunza urubani, mtaa ulicheka siku nzima, kisha ukaudhika kwamba hakuwa anatania.

Shangazi yake Maisara, aliyemlea, hakucheka wala kuudhika.

"Ruka, mwanangu," alisema. "Ukitoka huko juu utashuka tini, na zombo za jikoni zakungoja uzioshe."

Alichokitaka Mwanakuu kilikuwa kimoja: kuruka peke yake. Mwanafunzi wa urubani hapai bila mwalimu ubavuni mpaka mwalimu huyo atamke, na atie sahihi, kwamba sasa anaweza. Hakuna mlango wa nyuma. Kwa hiyo kila kitu kilimtegemea mwalimu, na mwalimu wa kwanza alikuwa Kapteni Mumo.

Shule ya Mumo ilikuwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kwenye kiwanja kidogo chenye nyasi nyingi kuliko lami. Mwanakuu aliichagua kwa sababu picha ya tangazo lake ilikuwa nzuri, kama watu wengi wanavyochagua mume. Mumo mwenyewe alikuwa mpana, sauti ya gari la matangazo, na miwani ya jua ambayo hakuna aliyewahi kuona kilichokuwa nyuma yake.

Walikosana kwa neno moja. Mtoto wa kike wa Mji wa Kale hufunzwa mapema kwamba ukiitwa hujibu "nini" wala "eeh", unajibu "lebeka". Mwanakuu alifunzwa hivyo na champali ya Maisara, ikivuliwa mguuni, na somo likaingia. Siku ya kwanza alipopewa redio, mnara wa kuongozea ndege uliita jina la ndege yao kwa Kiingereza kikavu, kisicho hata na salamu. Mwanakuu akabonyeza kitufe. Kwa sauti tamu ambayo bandarini hawakujua kama anayo, akajibu:

"Lebeka!"

Rubani fulani aliyekuwa juu ya Kilifi akacheka, naye kidole chake kilikuwa kwenye kitufe, kwa hiyo Pwani nzima ikamsikia.

"Unaitika kama umetumwa sukari!" Mumo alifoka. "Hapa ni kwa nyanyako?"

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Lebeka. Hata askari wa langoni: "Karibu, Lebeka." Mwanakuu alivumilia, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kwa kuwa aliona anatua vizuri. Ndege iligusa chini kwa upole, safari baada ya safari. Lakini kila akiomba kuruka peke yake, Mumo alisema, "Bado."

"Bado nini, Kapteni?"

"Bado tu. Tangu lini watu wa Pwani wakawa na haraka?"

Halafu Mumo akapata mafua. Walikuwa wanakaribia kutua, Mwanakuu ameshika usukani wake kwa madaha, Mumo ametandaza ramani mapajani kama kawaida. Mumo akapiga chafya, na ndege nayo ikapiga chafya, ikainama upande wa mwalimu. Mwanakuu hakuwa amesogeza chochote. Walipotua, aliivuta ile ramani. Chini yake mkono wa Kapteni ulikuwa umeukamata usukani wa pili, kwa utulivu wa mkono uliozoea kukaa hapo.

"Kumbe miezi yote hii nilikuwa abiria," alisema.

"Bila mkono huu ungekuwa Kibarani saa hizi, kwenye takataka."

"Kibarani siku hizi pamepandwa miti," Mwanakuu akamsahihisha, akashuka, na hakurudi.

Shule ya pili aliichagua kwa akili zaidi. Aliazimia kwamba kabla ya kujiandikisha ataomba safari moja ya majaribio, na atakosea makusudi: atakuja kutua akiwa juu mno na kwa kasi mno, aone mwalimu atasemaje. Mwalimu alikuwa Saif, wa ukoo unaojulikana, kanzu safi, manukato mazuri. Alimwamkia Mwanakuu kwa kirefu, akauliza hali ya shangazi, ya mtaa, ya kazi, na mikono yake ilikaa wazi magotini ambapo kila mtu angeiona. Mwanakuu akakosea kama alivyokusudia. Ndege ikapita nusu ya kiwanja ikielea, ikagusa chini karibu na ua wa kiwanja, breki zikalia.

"Mashaallah!" alisema Saif. "Dadangu, umejaliwa. Juma lijalo waruka peke yako."

Hilo ndilo neno alilokuwa akilitafuta muda wote huo. Lilimtia baridi.

"Utanizika wewe?" alimwuliza.

"Lahaula! Maneno gani hayo?"

"Basi ukitaka kuua watu, uza dawa za panya."

Wa tatu alikuwa Beryl Awino, mzaliwa wa Tudor, mwembamba, asiyejibu salamu kabla hajamaliza kukagua injini. Alipomaliza hakuijibu pia. Angani aliita ghafla, "Mwanakuu!"

"Lebeka."

Mwanakuu akajiuma ulimi, akisubiri kicheko.

"Hiyo kaitikie kwenu," Awino akasema. "Redioni hata ukiitwa, wabisha hodi. Ukibisha hodi kwa watu ukaulizwa nani, wasemaje?"

"Nasema mimi ni nani, natoka wapi, nimekuja kwa lipi."

"Sasa mnara wataka nini zaidi ya hayo? Au adabu umeiacha mlangoni?"

Mwanakuu alibonyeza kitufe, akataja ndege, mahali ilipo na anachotaka. Mnara ukajibu. Hakuna aliyecheka, hata kule Kilifi.

Walipokaribia kutua, akarudia kosa lake la makusudi.

"Kasi," alisema Awino. Kisha: "Kasi, nimesema. Usitue. Paa tena." Na walipokuwa juu: "Umekosea, au wanipima?"

"Nakupima."

"Ukinipima tena nitakushusha hapa hapa, uende kwenu kwa miguu."

Mwanakuu alijiandikisha siku hiyo. Hawakupendana. Awino alimwita mzigo, Mwanakuu alimwita mchawi, na wote wawili waliona wamesemwa kwa haki. Awino alikunja mikono kifuani, na ndege ikadunda chini kama mpira. "Mbaya. Tena." Ikadunda. "Mbaya. Tena." Ikafika siku ilidunda kidogo tu, na Awino hakusema kitu. Mwanakuu akaogopa kuliko siku zote.

"Simama," Awino akasema. Akafungua mlango, akashuka, akaweka daftari la Mwanakuu juu ya bawa, akatia sahihi. "Zunguka mara moja, utue. Ukiivunja ndege yangu, usije kunieleza."

"Na wewe usinisubiri kwa uso huo."

Mlango ukafungwa. Ndege ikapaa mapema kuliko alivyozoea, nyepesi, kiti cha pili kitupu. Kisiwa kikamjia chini ya bawa, Makupa imejaa malori, Kibokoni mapaa tu. Mwanakuu alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Akaanza kujigombeza mwenyewe, kwa sauti, kasi, kasi, nimesema kasi, mpaka magurudumu yakagusa lami.