Magurudumu Laini ya Dada

Dada yangu mkubwa ni mshonaji, ana miaka arobaini na moja, na anapanda ubao wa magurudumu. Ndiyo, ule wa kusimama juu yake na kusukuma kwa mguu mmoja. Watu wakicheka, anawaacha wacheke mpaka wachoke.

Magurudumu ananunua ya mitumba, namba za ugumu zimeshafutika, kwa hiyo anayapima kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukizama, hayo ni laini, ya barabara mbovu, yanapita juu ya kokoto bila kelele. Ukucha ukiteleza, hayo ni magumu, ya sakafu ya saruji, pale anapotaka ubao userereke ubavu na kugeuka upesi. Amenieleza haya mara mia. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mimi ni fundi baiskeli, na kwangu tairi laini lina pancha, basi.

Mwaka mzima alikuwa akimbembeleza mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya mtaani kwetu ampe uwanja siku za Jumamosi, awafundishe mabinti. Hatimaye mama huyo akakubali kumwona akishuka mteremko wa shule, mara moja tu, kisha aamue. Lami ya pale imechubuka vibaya.

Asubuhi ile nikaukagua ubao. Nikabonyeza magurudumu, yakabonyea. Nikasema huyu ataniaibisha na magurudumu yaliyooza! Nikayafungua, nikayatia mfukoni, nikafunga yake mengine magumu, nikajiona bingwa. Yote ni meupe, hakugundua, na mimi sikumwambia.

Akasukuma mara tatu. Kabla hajafika katikati, kokoto moja likakwama chini ya gurudumu la mbele. Ubao ukasimama, dada akaendelea. Alitua kwa goti na kiwiko. Wasichana wakashika midomo, mwalimu mkuu akafunga daftari lake.

Dada akakaa palepale chini, akageuza ubao, akabonyeza gurudumu kwa ukucha. Kisha akaniangalia. Mimi si mtu wa haya, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze.

"Lete spana," akasema. "Na yale uliyoyatoa."

Nikataka kufunga mwenyewe, akaninyang'anya. Mwalimu mkuu akamwambia apumzike, ameshaona ya kutosha.

"Bado hujaona, Mwalimu," dada akajibu bila kuinua kichwa.

Damu inamchuruzika mkononi, yeye anafungua nati nne na kufunga nne, wala hakuharakisha hata moja. Akaupanda mteremko akichechemea. Safari hii ubao ulipita kimya juu ya ile lami mbovu, akashuka nao mpaka chini, akasimama wima mbele ya mama yule.

Mwalimu mkuu akakitazama kile kiwiko kwa muda.

"Nilikuja nikiwa nimeshaamua kukukatalia," akasema. "Niliogopa watoto wataanguka."

"Wataanguka, Mwalimu."

"Basi Jumamosi anza na hilo. Waonyeshe ulivyoinuka."