Nilitangaza programu yangu ya bure ya kupima maji ya mvua, wageni wakaja kuchukua salamu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, huku Masasi na kule Newala, na anayenijua akipita kwenye uzi huu atashuhudia kwamba sijatia chumvi. Kucheka ruksa, nimeshazoea.

Mimi ni fundi simu na kompyuta, nina fremu yangu mjini Masasi. Wateja wakikosekana huwa naandika programu.

Moja niliyoipenda sana ni ya kupima maji ya mvua. Unaingiza ukubwa wa paa lako na idadi ya watu wa nyumbani, inakuambia ujenge kisima cha ukubwa gani na maji yatakufikisha wapi kiangazi.

Ni ya bure, tena ni open source, yaani hata code yake iko wazi. Anayejua anaingia ndani, anarekebisha, anagawa kwa wengine. Kule Newala maji yakikatika watu wanaishi kwa kusubiri boza la maji, kwa hiyo nilijiona mkombozi kabisa.

Watumiaji wa programu hiyo walikuwa mimi. Kwenye simu mimi, kwenye kompyuta mimi.

Ningevumilia, ila nina mchumba Newala, anaitwa Zuhura, ni fundi cherehani. Posa ilikuwa imeshapelekwa, na kwenye ukoo wao mjomba wa binti ndiye mwenye neno la mwisho. Mjomba wake, Mzee Hashimu, akauliza kazi yangu. Zuhura, kwa kutaka kunipamba, akaacha habari za ufundi simu akamwambia natengeneza programu na kuzigawa bure.

Jibu likanifikia hivi: "Anayegawa jasho lake bure, mke atamlisha upepo? Aniletee mtu mmoja wa hapa Newala anayekitumia hicho kitu, asiwe rafiki yake wala ndugu yake. Ndipo tuzungumze."

Mmoja tu, wakuu. Na sikuwa naye.

Nikaingia mtandaoni kusoma habari za SEO, yaani kuandika kurasa za tovuti ili mtu akitafuta jambo, wewe uje juu. Nikasoma kwamba ukurasa uwe mrefu, uandike kiasili, utaje mahali. Nikatengeneza ukurasa wa Newala, wa Masasi, wa Chiwata na wa Chidya. Kichwa cha kila mmoja: "Programu Huria ya Kukokotoa Ujazo wa Hifadhi ya Maji". Nilipokisoma nilijipongeza kwa sauti, peke yangu dukani.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Nimelelewa na bibi, Chiwata. Kwa bibi ukiingia ukataja shida kabla ya salamu, unarudishwa mlangoni uanze upya. Sasa mimi ningewezaje kuingia kwenye simu ya mzee wa watu nikamwambia "pakua hapa" bila hata shikamoo?

Basi kila ukurasa nikauanza kwa adabu. Shikamooni wazee wetu, shikamooni mama zetu. Poleni na jua. Mikorosho inaendeleaje? Watoto hawajambo? Mgonjwa amepata nafuu? Niliulizia mpaka hali ya mbuzi. Programu yenyewe ilikuwa chini kabisa, unashusha ukurasa mpaka kidole kinauma.

Na watu wakaja! Kila nikifungua takwimu za tovuti, wageni wameongezeka. Sikuangalia wamefuata nini. Mwenye njaa ya sifa haulizi chakula kimepikwa na nani. Nikampigia Zuhura, Zuhura akampelekea mjomba habari, mjomba akaniita.

Nikapanda Newala na shati jipya. Sebuleni walikuwepo Mzee Hashimu, Mama Zuhura na Zuhura mwenyewe. Mzee akasema, "Haya, tafuta kama mimi ninayetaka kujenga kisima."

Nikatafuta. Tovuti yangu haikuwepo. Nikashuka chini, nikashuka tena, nikaanza kusoma matangazo ya watu wengine kwa heshima.

Ili kuokoa sura nikafungua takwimu, zile zinazoonyesha maneno yaliyowaleta wageni. Kwa papara nikaanza kuyasoma kwa sauti: "Jinsi ya kumsalimia baba mkwe." La pili: "Salamu ndefu za heshima kwa wazee." La tatu nikalimeza.

Watu walikuwa wanakuja kunakili salamu wakapeleke ukweni kwao. Wanachukua shikamoo zangu, wanaondoka. Aliyepakua programu, hakuna.

Mama Zuhura alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Mzee Hashimu hakucheka. Aliomba simu, akasoma salamu zote hadi kwa mbuzi, akanirudishia.

"Umesalimia vizuri, baba. Lakini umesalimia mpaka wenyeji wamelala, na shida iliyokuleta hujaisema."

Mama Zuhura akaongeza, "Na hicho kichwa chako cha juu mimi sikielewi. Mimi ningeuliza tu, bati zangu hizi zinajaza kisima cha ukubwa gani?"

Niliona aibu, wakuu. Lakini nilirudi Masasi, nikafuta zile kurasa, nikaandika mmoja. Kichwa ni swali la Mama Zuhura, neno kwa neno. Chini yake jibu na mfano wa nyumba moja, kisha programu. Salamu nikaacha moja, bibi asije kunitokea ndotoni.

Baada ya muda ukaingia ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, Mwalimu Selemani wa Newala: "Programu yako inatudanganya. Inahesabu kana kwamba bati zote ni mpya, na haijui kwamba mvua ya kwanza tunaimwaga kwa sababu ya vumbi." Alikuwa ameshaingia kwenye code na kurekebisha. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Nilianza kununa. Halafu nikakumbuka: wa Newala, si rafiki, si ndugu! Nilifurahi mpaka nikamrudishia mteja simu bila betri.

Nikamwomba mwalimu tukaenda wote kwa Mzee Hashimu. Akaeleza mambo ya mifereji na bati kwa utulivu, mzee anauliza, yeye anajibu. Mimi nilitumwa kuleta kiti.

Mwishowe mzee akamtazama kwa jicho ambalo mimi hajawahi kunipa. "Mwalimu, una mke?"

Posa yangu iko palepale, haijajibiwa.

Kabla mwalimu hajafungua mdomo, Zuhura akatokea na birika la chai. "Anaye, mjomba. Nilishauliza."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na siku hiyohiyo nikajibiwa kwamba posa imekubaliwa.

Funzo nililopata: ukurasa uuandike kwa swali la mwenye shida, usiuandike kujifurahisha. Na kazi yako ukiiacha wazi, kubali kwamba atakuja anayeijua kukuzidi.

Sasa naombeni maoni yenu, hasa mliooa. Zuhura alishauliza lini, na alikuwa anauliza kwa niaba ya nani? Mimi nikimuuliza ananiambia ninywe chai, inapoa.